Kabla ya Kushusha Giaboksi

Msimu wa ufuta ukifika Ruangwa na Nachingwea, kirikuu hazipumziki. Suzuki Carry hizi ndogo hutoka vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru zikiwa zimelala nyuma kwa uzito wa magunia, zikielekea kwenye maghala ya vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwenye foleni ya mizani dereva hazimi injini, kwa sababu betri yake anaijua mwenyewe. Gari limesimama, injini inaunguruma polepole, na hapo ndipo kelele husikika vizuri: krakrakra ya chuma kwa chuma, chini ya kiti.

Kinachofuata gereji huwa kifupi.

"Fundi, giaboksi imekwisha."

"Umejuaje, kaka?"

"Inagonga."

Kabla ya adhuhuri giaboksi iko chini, juu ya kiroba, imefunguliwa, na vumbi jekundu linapeperukia ndani yake. Wakati mwingine kosa linapatikana humo. Wakati mwingine linapatikana kwenye kipande cha raba kilichokuwa nje kabisa, au halipatikani, na gari linarudi barabarani na kelele ile ile pamoja na mvujo wa mafuta ambao jana haukuwepo.

Kushusha giaboksi ya gia za mkono kunapaswa kuwa hatua ya mwisho. Kabla yake kuna vipimo ambavyo havihitaji hata spana: mguu wa kushoto, sikio, na nusu saa ya utulivu. Vinastahili kujulikana zaidi katika wilaya ambazo reli yake, ile iliyojengwa na Waingereza kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, ilishang'olewa tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Tangu hapo korosho, ufuta, saruji na mgonjwa wa usiku vyote husafiri kwa gurudumu la mpira, na gari linapolala gereji wiki nzima, kuna mzigo unaolala pamoja nalo.

Ndani ya giaboksi, gia karibu zote za kwenda mbele zimeumana meno muda wote, hata gari likiwa nyutro. Mguu ukiwa umeachia klachi, injini inaizungusha shafti ya kuingilia, shafti hiyo inaizungusha shafti ya chini, nayo inazizungusha gia zote za juu. Gia hizo bado hazijafungwa kwenye shafti ya kutokea, kwa hiyo zinaelea tu, zinazunguka bila kubeba kazi. Kati ya jino na jino lazima ibaki nafasi ndogo sana ili mafuta yapite na chuma kipate pa kutanukia kikishika joto. Kelele huzaliwa kwenye nafasi hiyo.

Injini haisukumi kwa nguvu moja ya mfululizo, inasukuma kwa mapigo. Hiace au Hilux ya silinda nne hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko wa krenki. Ikizunguka mara 750 kwa dakika, hayo ni mapigo 25 kila sekunde. Kirikuu yenye injini ya silinda tatu hutoa pigo moja na nusu kwa mzunguko, kwa hiyo mapigo yake yameachana zaidi na mtikisiko wake ni mkubwa. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, silinda sita, hutoa matatu, na ndiyo maana ikisimama hutulia kuliko wenzake. Dizeli hupiga kwa ukali zaidi ya petroli. Kila pigo huisukuma gia inayoelea, kisha kabla ya pigo la pili gia hubaki nyuma kidogo, jino likigonga jino upande wa pili. Zidisha kwa gia nne au tano, na hiyo ndiyo krakrakra.

Maana yake ni kwamba giaboksi nzima kabisa nayo inaweza kugonga kidogo. Dereva anayetaka dizeli ya zamani inyamaze kama gari la umeme anatafuta kisichokuwepo. Swali la maana ni kama kelele imebadilika: imeanza lini, imeongezeka baada ya nini, na inatokea mguu ukiwa wapi.

Mguu huo ndio wenye majibu mengi. Gari liegeshwe mahali tambarare, mbali na mashine ya kusaga, hendibreki ivutwe na jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu. Redio izimwe, feni izimwe. Injini iwe imeshapata joto, kwa kuwa mafuta ya gia yakiwa baridi ni mazito na huficha kelele. Ndiyo sababu gari linaweza kuwa kimya saa kumi na mbili asubuhi na kulalamika saa saba mchana. Gia iwekwe nyutro, mguu utoke kabisa kwenye klachi. Sikiliza. Halafu klachi ikanyagwe polepole sana, sentimita kwa sentimita, hadi chini, na ishikiliwe hapo kwa muda kidogo.

Kelele ikipotea klachi inapofika chini, chanzo kiko kwenye vitu vinavyozunguka pale tu klachi inaposhika: gia zinazoelea, shafti ya kuingilia na beringi yake, shafti ya chini na beringi zake. Hapo sikio litofautishe. Mgongano wa krakrakra, unaopungua ukikanyaga mafuta kidogo na kurudi ukiachia, ni meno yanayochezacheza, na sababu yake mara nyingi iko kwenye klachi pleti, mafuta au mzunguko wa injini. Mngurumo wa mfululizo unaopanda sauti kadiri injini inavyopandishwa ni beringi, na huo haupoi kwa dawa yoyote ya kumwagia.

Kelele ikianza pale mguu unapoigusa klachi tu, mtuhumiwa ni rilizi beringi. Hiyo hufanya kazi wakati klachi inapokanyagwa, na dereva mwenye tabia ya kupumzisha mguu juu ya pedali kutoka Nachingwea hadi Masasi huifanyisha kazi safari nzima. Kelele ikijitokeza klachi ikiwa chini kabisa, kama mlio mwembamba, ipo beringi ndogo katikati ya flaiwili ambayo hushika ncha ya shafti ya kuingilia. Klachi ikiwa juu, flaiwili na shafti huzunguka pamoja na beringi hiyo haina kazi. Ikikanyagwa, flaiwili inaendelea huku shafti imesimama, na beringi ikiwa imekauka hulia. Kote huku giaboksi yenyewe haina hatia, ingawa kuzifikia beringi hizi mbili ni lazima ishushwe. Ila inashushwa ikiwa imefungwa, bila kuchokolewa ndani.

Na kama kelele haijali klachi iko juu wala chini? Basi huenda haitoki kwenye giaboksi hata kidogo.

Hapa panahitaji subira, kwa sababu chuma kikubwa hupitisha sauti na kulidanganya sikio. Barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ya bati hulegeza kila kilichofungwa kwa bolti. Lile bati jembamba linalokinga joto la ekzosi likikatika mguu mmoja, hutoa mlio ambao umeshawapeleka madereva wengi kwenye mazungumzo ya giaboksi. Ligongwe kwa ngumi ekzosi ikiwa imepoa, litajisema lenyewe. Vishikizo vya ekzosi vikaguliwe. Kisha raba zinazobeba injini na giaboksi, zile mauntingi, ziangaliwe kama zimepasuka au zimelowa mafuta na kulainika. Msaidizi aizime na kuiwasha injini huku mwingine akitazama: injini inayoruka juu na kutua kwa kishindo imeshakosa raba ya kuishika. Fimbo ya gia nayo ishikwe kwa mkono wakati inalia. Ikinyamaza mkononi, tatizo ni bushi ya plastiki chini ya fimbo hiyo, kitu cha kubadilishwa kutoka ndani ya gari kwa bisibisi na uvumilivu. Kishindo kimoja kikubwa, "ko!", gari linapoanza kuondoka au mafuta yanapoachiwa ghafla, ni cha propela shafti, misalaba yake au difu. Lala chini, injini imezimwa na gurudumu limezuiliwa, ishike propela kwa mikono miwili na uizungushe kulia na kushoto: mchezo uliopo kwenye misalaba utauona kwa macho.

Baada ya gari lililosimama, zamu ni ya gari linalotembea. Atafutwe mtu wa kukaa pembeni, sehemu tulivu, na gari liendeshwe kila gia kwa zamu yake: likivuta, kisha mafuta yakiachiwa gia ikiwa imo. Mlio unaojitokeza kwenye gia moja tu unatoka kwenye meno ya gia hiyo. Mlio wa gia zote unaelekeza kwenye beringi au mafuta. Kuna siri moja ambayo mafundi wa zamani wa Toyota na Land Rover wanaijua vizuri. Katika giaboksi nyingi za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingilia na ya kutokea hufungwa pamoja na nguvu haipiti tena kwenye shafti ya chini. Gari likivuma namba mbili, tatu na tano, kisha likatulia ghafla namba nne, beringi za shafti ya chini ndizo zinazoomba msaada. Fundi aliyeambiwa hivyo kabla ya kufungua anajua pa kuanzia.

Mafuta ya gia hayana stiki kwenye magari mengi, na kwa sababu hiyo husahaulika hadi siku ya kilio. Kuna bolti mbili, ya juu ubavuni ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Kanuni ya gereji zote nzuri ni kuifungua ya juu kwanza. Anayemwaga kwanza na kugundua kuwa bolti ya kujazia imeganda na haifunguki, amejifungia gari mwenyewe. Gari likiwa limelala sawa, mafuta yanatakiwa yafike kwenye mdomo wa tundu la juu. Kidole kikiingia na kurudi kikavu, jibu limepatikana. Giaboksi yenye mafuta pungufu hugonga na kuvuma kabla ya kufa, na kwa kawaida ushahidi wa yalikopotelea mafuta uko nje: tope jeusi la vumbi na mafuta nyuma ya giaboksi, kwenye sili ya propela, au chini ya kengele ya klachi.

Mafuta yenyewe yamwagwe kwenye chombo safi na kutazamwa juani. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni uchakavu wa kawaida. Chembe zinazong'aa rangi ya dhahabu ni shaba ya ringi za sinkro, zile zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, ambazo magari yalianza kuwa nazo kwa Cadillac mwaka 1928. Chembe chache hazitishi, nyingi zinaeleza kwa nini namba mbili inakwaruza inapoingia. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, vyenye ncha, ni jino au beringi iliyovunjika. Safari imeishia hapo.

Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa ni mafuta yaliyoingiwa na maji. Bonde la Mbwemkuru lina vijito vingi vinavyokauka kiangazi na kufufuka masika, na dereva huvuka akitazama kina cha maji kwenye gurudumu bila kufikiria joto la chuma. Giaboksi iliyotembea mwendo mrefu ina hewa ya moto ndani. Ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia na kwenye sili zilizochoka. Gari lililovuka maji yaliyofika kwenye giaboksi lifunguliwe bolti ya juu siku hiyo hiyo au kesho yake, na mafuta yenye maji yamwagwe yote, difu nazo zikiangaliwa. Kabla ya kuvuka, kusimama kidogo ili chuma kipoe kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tundu la kupumulia likiwa limeziba kwa tope, presha ya ndani itasukuma mafuta nje kwenye sili hata bila mto wowote.

Kisha linakuja swali la aina ya mafuta, ambalo gereji nyingi hulijibu kwa neno moja: "Weka mazito." Mafuta mazito kweli hupunguza kugonga, kwa sababu jino huchelewa kulifikia jino jirani. Lakini asubuhi gia zitaingia kwa shida, sinkro zitateseka, na kwa baadhi ya giaboksi hayo ni makosa ya moja kwa moja. Land Rover za giaboksi ya LT77, ambazo bado zipo kwenye misafara ya Kusini, zilitengenezwa kutumia mafuta mepesi ya ATF, yale yale ya giaboksi za otomatiki. Kuzijazia mafuta mazito ya difu ni kuzinyima mafuta sehemu nyembamba. Kwa Toyota nyingi za mizigo, kitabu huelekeza 75W-90. Kwenye kopo pia pameandikwa GL-4 au GL-5, na tofauti si ya kupuuza. GL-5 imeongezewa zaidi kemikali za salfa na fosforasi kwa ajili ya meno ya difu. Baadhi ya GL-5 hula shaba ya sinkro taratibu, na utelezi wake huzifanya ringi zishindwe kukamata upesi. Kitabu kikiruhusu zote mbili, hakuna tatizo. Kikisema GL-4, ni GL-4, hata kama muuza duka anaapa kwamba namba kubwa ndiyo bora.

Kuna hila ya zamani zaidi ya mafuta mazito. Roald Dahl, mwandishi aliyefanya kazi kampuni ya Shell Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1930, aliiingiza kwenye kitabu chake cha watoto Matilda cha mwaka 1988: baba yake Matilda, muuza magari tapeli, huchanganya unga wa mbao na mafuta ya giaboksi ili gari bovu linyamaze hadi mnunuzi afike mbali. Hila hiyo haikuzaliwa kitabuni. Wauza mitumba wa magari waliifahamu kabla yake. Anayenunua kirikuu au Canter iliyotumika, na akaikuta giaboksi kimya kuliko umri wake, afungue bolti ya chini kidogo na kuyasugua mafuta kati ya vidole. Mafuta safi hayana makapi.

Krakrakra ya gari lililosimama ikibaki baada ya mafuta sahihi kuwekwa, macho yahamie kwenye klachi pleti. Katikati ya pleti kuna springi nene zilizopangwa kwenye madirisha kuzunguka kitovu. Kazi yake ni kuyameza mapigo ya injini kabla hayajaifikia shafti ya kuingilia. Baadhi ya pleti zina springi nyingine laini zaidi kwa ajili ya injini inapokuwa kwenye sailensi peke yake, yaani mzunguko wa chini wa gari lililosimama. Springi zikilegea, zikivunjika au zikadondoka, kila pigo linaingia giaboksi bila kupunguzwa. Pleti ya namna hiyo ukiishika na kuitikisa husikika ikicheza, hata kama bitana yake ingali nene. Ndiyo maana klachi mpya wakati mwingine huponya "giaboksi mbovu", na kinyume chake ni kweli: pleti ya bei nafuu yenye springi ngumu kupita kiasi, au isiyo na springi, inaweza kuanzisha kelele kwenye gari lililokuwa kimya. Pleti mpya ilinganishwe na ya zamani ubavu kwa ubavu kabla ya kufungwa: idadi ya springi, unene wake, kipenyo, na meno ya ndani ya kitovu.

Magari mapya ya dizeli yanalo suluhisho jingine, flaiwili ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa springi, ambayo kampuni ya LuK ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1985. Land Rover Defender za injini ya Td5 zinayo. Ikichakaa hugonga hasa injini inapowashwa na kuzimwa, na bei yake humfanya mwenye gari akubali haraka ushauri wa kufunga flaiwili ya kipande kimoja. Gari litatembea, na kazi ya mzigo litaifanya. Lakini springi zilizoondolewa zilikuwa na sababu, na kelele ya gia itaongezeka isipokuwa pleti iliyofungwa nayo iwe na springi za kufidia. Mwenye gari ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Chanzo kingine hakipo karibu na giaboksi kabisa. Injini iliyoshushwa sailensi ili "ile mafuta kidogo" huachanisha mapigo yake na kuyafanya makali. Kuirudisha kwenye kiwango cha kitabu kunaweza kumaliza kelele kwa dakika chache. Nozeli moja ikimwaga vibaya, au plagi ya kirikuu ikikosa kuwaka, silinda moja hupiga kwa unyonge na nyingine kwa nguvu, na gia zinazoelea huukuza utofauti huo. Fundi anayesikia mgongano usio na mpangilio, kra, kra-kra, kra, aanze na nozeli au plagi.

Namna ya kuendesha nayo inahesabika. Kirikuu iliyojaa magunia ikipanda mwinuko namba nne huku injini inanung'unika mwendo wa chini, mapigo mazito huzitwanga gia na kelele hutoka hata kwenye giaboksi mpya. Pangua gia mapema, injini izunguke kwa wepesi, kelele itaondoka yenyewe na klachi itadumu. Mkono usipumzike juu ya fimbo ya gia. Uzito huo mdogo husukuma uma wa ndani uisugue sinkro safari nzima. Kuteremka nyutro ili kuokoa mafuta ni hatari kwa breki na kwa roho za abiria, na hakusaidii giaboksi kwa lolote.

Ipo kelele ya kuvumiliwa na ipo isiyovumilika. Krakrakra ya nyutro inayonyamaza klachi ikikanyagwa, mafuta safi, gia zinaingia vizuri: gari hilo linaweza kumaliza msimu wa ufuta na hata wa korosho, likiangaliwa mafuta kila mwezi. Mngurumo wa beringi unaoongezeka wiki hadi wiki usisubiri, kwa sababu beringi inayolegea huziacha shafti zikae upande, na meno yaliyokuwa mazima huanza kulana. Hapo bei ya beringi moja inageuka bei ya giaboksi. Gia inayoruka yenyewe kurudi nyutro, vipande vya chuma kwenye mafuta, au harufu ya kuungua kutoka chini, vyote vinamaanisha gari livutwe, lisiendeshwe.

Siku ya kushusha ikifika, gari lisibebwe na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kukalia chini yake ni stendi au magogo mapana yaliyopangwa vizuri. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, giaboksi na transfa kesi ni mzigo wa watu kadhaa. Kwa kuwa jasho la kushusha ni lile lile, ni akili kubadilisha kwa pamoja rilizi beringi, beringi ya flaiwili na sili ya nyuma ya krenki, hata kama pleti pekee ndiyo iliyochoka. Kufungua kufanyike ndani, juu ya meza iliyofutwa. Vumbi la Ruangwa ni mchanga mkali ambao beringi mpya hailali nao.

Kuhusu giaboksi za mitumba kutoka Dar es Salaam, historia ya Nachingwea ina la kusema. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulitegemea sana mitambo iliyotumika ya mabaki ya vita, na sehemu kubwa ya matrekta yake iliharibika mapema bila spea za kutosha. Giaboksi ya mtumba inaweza kuwa nzuri, lakini izungushwe kwa mkono kwenye kila gia kabla ya pesa kutoka, mafuta yake yaonwe, na shafti ya kuingilia itikiswe juu na chini.

Spea za Kariakoo na Ilala hupandishwa basi na kufika Nachingwea, barabara ikiwa inapitika; Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya Kusini upande wa Kilwa, vifurushi vililala njiani. Spea isiyo sahihi maana yake ni basi la kurudi na basi jingine la kuja. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, ipigwe picha ile sahani ya chuma chumba cha injini. Kwenye Toyota nyingi ina mstari wa giaboksi na ekseli, wenye herufi kama R151 au G52. Picha hiyo itumwe dukani pamoja na picha ya pleti ya zamani ikiwa na rula juu yake na meno ya kitovu yamehesabiwa. Muuzaji aombwe naye atume picha ya atakachofunga kwenye boksi, kabla hajalipeleka stendi.